Singkil: Ngoma ya Mianzi Iliyotrend Dunia Nzima, Wenyewe Wakaishangaa

Lazima umeshakutana nayo. Inapita TikTok, inapita Instagram, inapita kwenye status za watu. Mianzi imelazwa chini ikapishana kama msalaba, vijana wamechuchumaa pembeni wanaigonganisha kwa mpigo mmoja, halafu anaingia dada mwenye taji kichwani na kipepeo kila mkono. Hacheki, hanuni, hatazami chini. Anapita katikati ya ile mianzi kama anayekatiza sebuleni kwao. Nyuma yake msichana anamshikia mwavuli. Mara anatokea kaka mmoja na upanga na ngao, mapigo yanaongezeka kasi, ukumbi unapiga mayowe. Ukikosea hatua hapo, kifundo cha mguu kinalia.

Hiyo ni Singkil, ya Ufilipino. Maelezo yanayotolewa ukumbini huwa hayapishani sana: binti mfalme kapotea msituni, mizimu ikaleta tetemeko la ardhi, akawa anaruka mawe na miti inayoanguka, mwana mfalme akaja kumwokoa. Hadithi tamu, imekaa kama filamu. Shida ni moja tu. Ngoma hiyo ni ya Wamaranao, Waislamu wanaoishi kuzunguka Ziwa Lanao kwenye kisiwa cha Mindanao, kusini mwa nchi. Na kwa Wamaranao, Singkil ni ngoma ya wanawake watupu. Yule kaka mwenye upanga hayumo.

Sasa katokea wapi? Jibu lake lina zaidi ya miaka mia moja ndani yake, na halianzii kwenye mianzi.

Watu waliowekwa maonyesho

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Wahispania waliishikilia kuanzia 1565 mpaka 1898, mwaka ambao Marekani iliwashinda vitani, ikawapa dola milioni 20, na nchi ikabadilisha bosi bila wenyeji kuulizwa. Wafilipino waligoma, wakapigana na bosi mpya, wakazidiwa nguvu.

Miaka michache baadaye, mwaka 1904, mji wa St. Louis kule Marekani uliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Serikali ya Marekani ikataka kuwaonyesha raia wake ni mali gani imenunua. Ikatengwa ekari 47, wakaletwa Wafilipino zaidi ya 1,000 waishi humo humo: wajenge vibanda vyao, wafume, wapige ala zao za shaba, wacheze, huku watazamaji wakipita na tiketi mkononi. Wapo waliofia safarini kwa baridi hata kabla hawajafika.

Waliojaza watu kuliko wote walikuwa Waigorot, watu wa milima ya Cordillera kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, wale wale ambao mababu zao walichonga matuta ya mpunga yanayopanda mlima kama ngazi. Hayo matuta hayakumvutia mtu. Kilichovutia ni kwamba wanaume wao walivaa lubega ndogo kiunoni, na kwamba wanachinja mbwa. Kwao mbwa huchinjwa kwenye matambiko, St. Louis jambo la tambiko likageuzwa kivutio cha kila mara, na magazeti yakapata kichwa cha habari. Ngoma zao, ambazo nyumbani zina sababu na msimu, zikawa zinachezwa kwa ratiba ya saa.

Kuna kisa ndani ya kisa. Baada ya maonyesho kufungwa, daktari mmoja wa Kimarekani aliyewahi kufanya kazi ya utawala huko Bontoc alirudi milimani akachukua Waigorot wapatao 50, akawaahidi dola 15 kwa mwezi kila mmoja, akawapeleka kwenye viwanja vya starehe vya Coney Island, New York. Ilikuwa 1905. Walichezeshwa mchana na usiku. Pembeni walikuwa wanatengeneza pete na bangili za shaba na kuwauzia watazamaji, na hizo senti ndizo walizotegemea kurudi nazo. Daktari akakusanya mishahara, akakusanya na hizo senti za bangili, eti anawawekea.

Hakuwawekea kitu. Mwaka 1906 alikamatwa, kesi ikasikilizwa Memphis, Tennessee, na wanaume wa Kiigorot wakasimama kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu, katika Marekani ya Kusini ya mwaka ule. Wazee wa baraza wakamtia hatiani. Baadaye mawakili wake walimchomoa, hilo nalo halishangazi. Lakini picha ya watu wanaodhaniwa ni washamba wa mwisho duniani, wamesimama wanahesabu mbele ya hakimu hela ya bangili zao ilikwenda wapi, haikupigwa na mpiga picha yeyote wa maonyesho. Picha zilizobaki ni za wanaocheza, na chini ya nyingi kati yake limeandikwa kabila tu, jina hakuna.

Mwalimu wa michezo na daftari lake

Kwa wasomi wa Manila, zile picha zilikuwa aibu. Waliona dunia inawatazama wote kama wale wa St. Louis, na wengine, tuseme ukweli, walichukia zaidi kufananishwa na Waigorot kuliko walivyochukia Waigorot kudhalilishwa. Ila palikuwa na waliofikiria njia nyingine: kama ngoma ndiyo iliyotumika kutushusha, basi ngoma iandikwe vizuri ituinue.

Aliyefanya kazi hiyo kwa miguu yake anaitwa Francisca Reyes Aquino. Huyu ana jina, tena kubwa. Alizaliwa 1899, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo Chuo Kikuu cha Ufilipino, na tasnifu yake ya 1926 ilikuwa juu ya ngoma na michezo ya jadi. Kuanzia 1934 rais wa chuo, Jorge Bocobo, akamtuma rasmi vijijini pamoja na mtunzi wa muziki Antonino Buenaventura. Hapakuwa na simu ya kurekodi. Walikuwa wanafika kijijini, wanauliza ni nani anajua ngoma za zamani, wanaletewa bibi au babu, naye anaonyesha. Aquino anaandika hatua moja moja: mguu wa kulia mbele, mkono juu, hesabu tatu. Mwenzake anaandika tuni.

Tinikling iliingia vitabuni kwa njia hiyo, kutoka kisiwa cha Leyte. Hii ndiyo dada mdogo wa Singkil: mianzi miwili tu, watu wawili wanaishika, wachezaji wanaruka ndani na nje. Jina limetoka kwa ndege anayeitwa tikling, mwenye miguu mirefu, fundi wa kukwepa mitego ya wakulima wa mpunga. Aquino aliipeleka kwenye vipindi vya michezo shuleni, na kuanzia hapo karibu kila mtoto wa Kifilipino akaijua. Baadaye ikavuka mpaka shule za Marekani, watoto wa huko wakawa wanairuka kwenye somo la mazoezi kama wanavyoruka kamba.

Mwaka 1973 Aquino akatangazwa Msanii wa Taifa, wa kwanza kabisa upande wa ngoma. Alistahili, hilo halina mjadala. Ila wale mabibi walioinuka mikekani wakaonyesha hatua, mtoto anayecheza leo hawajui.

Mwana mfalme anaingia jukwaani

Uhuru ulikuja tarehe 4 Julai 1946, Manila ikiwa magofu ya vita. Nchi mpya ilihitaji sura ya kujionyesha. Rais Magsaysay alipoapishwa mwishoni mwa 1953 alivaa barong, shati jepesi la jadi linaloachwa nje ya suruali, badala ya suti. Vazi ambalo toleo lake la bei mbaya hufumwa kwa nyuzi za majani ya nanasi. Na mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ufilipino jijini Manila, likaundwa kundi la ngoma linaloitwa Bayanihan.

Mwaka uliofuata Bayanihan wakapelekwa kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, Ubelgiji. Hebu fikiria. Miaka 54 baada ya St. Louis, Wafilipino wamerudi kwenye maonyesho ya dunia, safari hii hawapo ndani ya uzio. Wapo jukwaani, taa zimewashwa, mavazi yanang'aa, na Ulaya imesimama inapiga makofi. Mwaka 1959 wakatua Broadway, New York, mji ule ule wa Coney Island. Kwa Mfilipino wa wakati ule, hiyo ilikuwa zaidi ya burudani, na yeyote anayeibeza leo ajaribu kwanza kuvaa viatu vya watu wale.

Lakini jukwaa la Broadway lina masharti yake. Mtazamaji hajui lugha, hajui mila, ana saa mbili kisha anawahi treni. Ngoma ya kijijini inayoweza kwenda taratibu usiku kucha lazima ikatwe iwe dakika chache, iwe na mwanzo, ipande, ilipuke, ipigiwe makofi. Mtunzi wa ngoma wa kundi, Lucrecia Reyes Urtula, alikuwa na jicho kali la jukwaa. Mikononi mwake Singkil ikawa kile unachokiona kwenye simu: mianzi inayopishana, safu za wasichana na vipepeo, mwavuli, kasi inayopanda, na mwana mfalme.

Kwa Wamaranao ilivyo ni hivi. Neno singkil lenyewe maana yake ni njuga, zile za kuvaa kifundoni. Binti wa ukoo bora hutoka mbele za watu na vipepeo vyake, njuga zikilia, na kinachotazamwa ni mwendo wake. Wamaranao wana jina hata la huo mwendo wa mwanamke aliyelelewa: kini-kini. Polepole, mgongo umenyooka, macho yametulia. Miongoni mwa watazamaji wamo wenye nia ya kuposa, na familia zao. Yaani ni shughuli nzito, ya kuonyesha adabu. Kasi siyo hoja. Utulivu ndiyo hoja: dunia inatikisika chini ya miguu yako, na wewe huonyeshi.

Na yule binti ana jina, ni Gandingan. Anatoka ndani ya Darangen, utenzi wa Wamaranao wenye visa 17 na mistari 72,000, ulioanza kuimbwa kabla Uislamu haujaingia Mindanao. Waswahili, wenye utenzi wao wa Tambuka wa beti zaidi ya elfu moja, wanaweza kupiga hesabu ya umbali. Watu wake waliubeba kichwani, wakiuimba harusini usiku baada ya usiku, kwa Kimaranao cha zamani ambacho hata Mmaranao wa leo hakipati chote. UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia mwaka 2005. Walioutunga, hakuna anayewajua hata mmoja.

Muziki wake unatoka kwenye kulintang: pata nane ndogo za shaba zenye kitovu katikati, zimepangwa safu moja juu ya fremu ya mbao, kutoka sauti nene hadi nyembamba, zinapigwa kwa vijiti viwili laini. Kwa Wamaranao wapigaji mahiri wengi ni wanawake. Na hapa kuna jambo la kukaa nalo kidogo: hakuna seti mbili za kulintang zinazolingana sauti. Fundi haifuati piano. Kila seti ina sauti yake, na familia inairithisha, kwa hiyo mtu akikua nyumbani anaijua sauti ya pata za bibi yake kama anavyoijua sauti ya bibi mwenyewe.

Jukwaani, ngoma ya Gandingan iliwekwa kwenye fungu lililoitwa ngoma za Waislamu. Bayanihan waligawa nchi nzima mafungu ya aina hiyo: la milimani, la Kihispania, la shambani, la Waislamu. Kwa tamasha ni mpango rahisi. Kwa watu ni sawa na kumkusanya Msomali, Mswahili na Mnubi kwenye sentensi moja ukasema hii hapa ngoma yao. Wamaranao, Wamagindanao, Watausug, Wayakan ni watu tofauti, lugha tofauti, na wamewahi kupigana wenyewe kwa wenyewe. Halafu kuna kejeli kubwa zaidi: hawa ndio watu ambao Wahispania walipigana nao zaidi ya miaka 300 bila kuwameza. Ngoma ya waliogoma kutawaliwa kutoka Manila ikawa ndiyo nembo ya Manila.

Wasomi wa Kimaranao walilalamika mapema, na vijana wao bado wanalalamika. Siyo mwana mfalme tu. Ni mabega wazi. Ni binti wa ukoo bora kubebwa mabegani na wanaume, jambo ambalo baadhi ya makundi hulifanya ili kupata makofi, na ambalo nyumbani lingekuwa fedheha. Ni tabasamu la kibiashara kwenye uso ambao haukupaswa kutabasamu. Upande wa pili nao una hoja: ngoma hazijawahi kugandishwa, hata hao mabibi walibadilisha walichopokea, na bila Bayanihan nani New York angejua kwamba Ziwa Lanao lipo? Hoja hiyo ina uzito mpaka pale tiketi inapoandikwa kwamba hii ndiyo ngoma ya Wamaranao ilivyo. Kubadilisha ni haki ya msanii. Kubadilisha kisha ukasema wenyewe ndivyo wanavyofanya ni jambo jingine.

Marekani kwenyewe kisa kimezidi kunoga. Wanafunzi wenye asili ya Ufilipino kwenye vyuo vya California na kwingineko huandaa usiku wa utamaduni kila mwaka, na Singkil ndiyo kilele chake. Miezi wanafanya mazoezi, vifundo vinavimba, na kuna mabinti wanaosema siku ile ndiyo ya kwanza kujisikia kwamba wanatoka mahali fulani. Wengi wao ni Wakatoliki, wazazi wao wanatoka Luzon au Visayas, hawana Mmaranao hata mmoja kwenye ukoo. Je, hisia zao ni za uongo? Hapana. Na Mmaranao anayeumia akiitazama hiyo video, maumivu yake ni ya uongo? Hapana vile vile. Wapo waliotafuta njia ya katikati. Danongan Kalanduyan, Mmagindanao aliyezaliwa kwenye kulintang, alifika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 1976, akatumia maisha yake yaliyobaki kuwafundisha vijana wa Kimarekani wenye asili ya Ufilipino kuzipiga zile pata kama zinavyopigwa kwao, wakae chini wajifunze kwa sikio. Marekani ikamtunuku tuzo ya taifa ya sanaa za jadi mwaka 1995.

Na hizo pata zenyewe? Miaka ya 1970, Singkil ilipokuwa inazunguka kumbi za dunia, Mindanao ilikuwa vitani: wahamiaji kutoka kaskazini walikuwa wamechukua ardhi kwa miongo, vijana wa Kiislamu wakashika silaha, na tangu 1972 nchi nzima ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi. Ukumbini makofi, nyumbani mabomu. Halafu ikaja 2017. Tarehe 23 Mei wapiganaji waliojitangaza kuwa wa dola ya Kiislamu waliuteka mji wa Marawi, mji mkuu wa Wamaranao pembeni ya ziwa. Jeshi likajibu kwa mizinga na ndege. Ilichukua miezi mitano kamili, mpaka 23 Oktoba. Watu zaidi ya 350,000 walikimbia makazi yao, na katikati ya mji hapakubaki ukuta uliosimama sawasawa.

Watu walitoka na watoto, wazee na walichovaa. Waliacha ndani malong za kurithi, kitambaa kilichoshonwa duara kama msuri wa Kizanzibari, ambacho Mmaranao anavaa, anabebea mtoto, anajifunika usiku, na anafungia maiti. Waliacha masanduku ya shaba ya Tugaya, mji wa mafundi ulio ng'ambo ya ziwa. Waliacha kulintang. Nyumba hujengwa upya. Lakini familia iliyopoteza seti yake ya kurithi ikinunua nyingine, itapata pata nane mpya, zenye sauti ya watu wengine.

Ile manila uliyochorea shuleni

Kuna kitu cha Ufilipino ambacho karibu kila aliyesoma Tanzania au Kenya amekishika. Manila. Lile karatasi gumu ambalo mwalimu alichorea ramani ya Afrika na mfumo wa usagaji chakula, na ambalo ukiagizwa ulete ukasahau unarudishwa nyumbani. Jina lake ni la mji. Karatasi ya kwanza kuitwa hivyo ilitengenezwa kwa nyuzi za abaka, mmea jamaa ya mgomba, unaofanana nao mpaka ukataka kutafuta ndizi, ila ndizi zake haziliwi. Mali iko kwenye shina: nyuzi ndefu, imara, zisizooza upesi kwenye maji ya chumvi. Meli za dunia zilifungwa kwa kamba ya Manila, na kamba kuukuu zikageuzwa karatasi.

Mpinzani wa kamba hiyo unamfahamu, ni mkonge. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, abaka ikakatika ghafla kwa Waingereza na Wamarekani, na mkonge wa Tanganyika ukatakiwa kwa udi na uvumba, hadi serikali ya kikoloni ikawa inawakamata watu kwa nguvu kwenda mashambani. Manamba, waliitwa. Namba. Kumbe watu wasio na majina hawakuwa Ufilipino tu.

Sasa, kwenye milima ya Cotabato Kusini, hapo hapo Mindanao, karibu na Ziwa Sebu, kuna wanawake ambao abaka hawakuwahi kuiona kama kamba. Hao ni Wat'boli. Wao huifuma kitambaa kinachoitwa t'nalak. Nyuzi huchambuliwa ziwe nyembamba kama unywele, zinaungwa kwa vifundo vya mkono moja baada ya nyingine, zinakazwa kwenye fremu, kisha mfumaji anafunga sehemu zisizotakiwa kushika rangi kwa nyuzi zilizopakwa nta. Hana karatasi ya mchoro. Nyeusi inatoka kwenye majani, nyekundu kwenye mizizi, nyeupe ni ya abaka mwenyewe. Mtambo wa kufumia unashikiliwa na mkanda unaozunguka kiuno chake, kwa hiyo mwili wa mfumaji ni sehemu ya mtambo: akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akiinama zinalegea. Kitambaa kikikamilika kinasuguliwa kwa kauri mpaka king'ae. Kimoja huchukua miezi.

Mchoro unatoka wapi? Ndotoni. Wat'boli wanasema Fu Dalu, roho mwenye abaka, humtembelea mfumaji usingizini na kumwonyesha. Asiyeota hujifunza kwa mama au bibi aliyeota. Ndiyo maana kuna miiko: kitambaa hakirukwi, mwanamke akiwa anafuma halali na mumewe, na t'nalak haikatwi ovyo, kwani mkataji ataugua.

Mwaka 1992 Ufilipino ilipitisha sheria ya kuwatambua mafundi wa jadi kama hazina ya taifa, na mwaka 1998 tuzo hiyo ikamfikia bibi mmoja wa Ziwa Sebu, Lang Dulay, aliyeanza kufuma akiwa na miaka 12 na kubeba kichwani michoro zaidi ya 100. Alifariki 2015, na jina lake likabaki. Ni jambo jema na limechelewa, maana kabla yake wamepita wafumaji wa vizazi vingi ambao vitambaa vyao vimehifadhiwa kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani huku kibao cha maelezo kikitaja kabila, mali ghafi na vipimo.

Siku hizi t'nalak imeingia mjini. Inakatwa ikawa mikoba, viatu, vifuniko vya simu, na mashine zinachapa michoro yake kwenye kitambaa cha bei chee ambacho hakuna aliyekiota. Tangu 1997 ipo sheria inayotaka jamii za asili ziombwe ridhaa kabla ya kutumia utamaduni wao, lakini sheria ni kitu kimoja, na mashine ya kuchapa ni kitu kingine.

Wafumaji wenyewe hawakukataa kuuza, kwa sababu ada ya shule haisubiri ndoto. Walitafuta namna. Kitambaa kinachokwenda kwa mgeni, atakayekikata bila kujua anakata nini, hufungwa pete ndogo ya shaba pembeni, ya kumtuliza Fu Dalu. Mnunuzi wa Manila akifika nayo nyumbani hudhani ni urembo tu, na mara nyingi anaitoa.